Watu Walioongezwa Baadaye

Picha mbili zilikuwa wazi kwenye skrini yangu, moja kushoto na nyingine kulia, na zote zinaonyesha mahali pamoja: njia ya kijijini nje ya jiji la Antwerp, katika Ubelgiji ya leo, katikati ya karne ya 16, nyumba chache zilizoezekwa kwa nyasi, miti, na ua wa fito ulioanza kulala upande. Ya kulia ni chapa, yaani picha iliyochongwa kwenye bamba la shaba ili ipigwe kwenye karatasi mara nyingi. Watu wachache wanapita njiani, wadogo kiasi kwamba ukiikuza picha wanabaki kuwa mikwaruzo tu. Ya kushoto ni mchoro wa kalamu ambao wachonga bamba waliutumia kama kiolezo. Nyumba ni zile zile na ua ni ule ule.

Njia ni tupu.

Nilikuza picha, nikapunguza, nikakuza tena, nikidhani labda wino umefifia. Haukuwa umefifia. Wale wapita njia waliingia kijijini baadaye, karakanani, mjini, kwa mkono wa mtu ambaye huenda hakuwahi kuikanyaga njia hiyo.

Jambo hilo lilinikaa rohoni kwa wiki kadhaa. Katika michoro ya zamani ya mandhari sijali sana mawingu wala milima. Namtafuta mtu aliyeinama shambani, mwanamke kisimani, mtoto anayeswaga bata, yaani ile siku ya kawaida ambayo hakuna mwandishi aliyejisumbua kuiandika. Kama watu hao ni nyongeza, basi nimekuwa nikitazama nini muda wote huu?

## Anwani isiyowataja watu

Mfululizo wenye picha hiyo una chapa 44. Mchapishaji Hieronymus Cock alizitoa Antwerp kwa awamu mbili, 14 mwaka 1559 na 30 mwaka 1561, na mabamba yalitengenezwa na ndugu wawili, Joannes na Lucas van Doetecum. Aliyechora hajulikani jina mpaka leo, na wataalamu humwita tu Fundi wa Mandhari Ndogo. Kabla yake, mchoraji wa Flanders aliyetaka kuonyesha nchi alijiweka juu, mahali anaposimama tai, akaona mito, miamba na miji ya kubuni kwa pamoja, na mara nyingi pembeni akaweka mtakatifu au kisa cha Biblia ili picha iwe na sababu ya kuwapo. Fundi huyu alishuka chini. Alisimama njiani, macho yake yakiwa usawa wa mlango, akachora kilichokuwa mbele yake: ghala, zizi, dimbwi, njia panda.

Kwenye ukurasa wa kwanza Cock alimweleza mnunuzi kwamba atakuta humo nyumba za vijijini, mashamba, makonde na njia, zimepambwa kwa wanyama wa kila namna, na kwamba zote zimechorwa kwa kutazama vitu vyenyewe, nyingi zikiwa pembezoni mwa Antwerp. Anwani hiyo, yaani kichwa cha mfululizo, nimeirudia mara nyingi. Inavutia kwa inachokikiri, kwamba wanyama ni mapambo. Inavutia zaidi kwa inachokinyamazia.

Watu hawatajwi hata kidogo.

Mwenye duka alijua anauza nini. Aliuza majengo na ardhi kwa watu wa mjini ambao wengi wao walikuwa na mashamba huko au walitamani kuwa nayo, na mwanakijiji aliwekwa njiani ili mtazamaji akadirie urefu wa ukuta na umbali wa mti. Sisemi hivyo kwa dharau. Mtu asiyekuwapo kabisa angeifanya njia ionekane kama imehamwa, na hakuna anayenunua picha ya mahame ili aitundike sebuleni.

## Kijiji kinajaa, kijiji kinahama

Kuna jambo la ajabu zaidi katika safari ya picha hizi. Mwaka 1601 mchapishaji Philips Galle alizitoa upya mjini Antwerp, akasema aliyechora ni Cornelis Cort. Mwaka 1612 Claes Jansz. Visscher akachonga nakala zake mjini Amsterdam, akasema aliyechora ni Pieter Bruegel, bwana maarufu wa karne ya 16 aliyejulikana kwa picha za wakulima. Vijiji ni vile vile, wachoraji wamebadilika, na katika nakala za Visscher watu wameongezeka: wanatembea, wanazungumza, wanaswaga mifugo, wanapumzika kando ya njia.

Sasa tazama kilichotokea katikati. Uasi dhidi ya Hispania, iliyokuwa ikiitawala nchi hiyo, ulikuwa umeivuruga nchi yote. Antwerp ilizingirwa mwaka 1584 na ikasalimu amri mwaka 1585. Mabwawa ya kuzuia maji yalibomolewa makusudi ili kumzuia adui, maji yakafunika mashamba, majeshi yakapita na kurudi, na wakulima wakakimbia. Maelfu ya watu wa Antwerp walihamia kaskazini, wengi wao Amsterdam. Visscher alipozitoa nakala zake, mapatano ya kusitisha vita kwa miaka 12 yalikuwa yameanza tu mwaka 1609, na miongoni mwa waliopita dukani kwake walikuwapo bila shaka wakimbizi hao au watoto wao.

Kijiji kilizidi kujaa watu kwenye karatasi baada ya kuwa kimewatoka kwenye ardhi.

Hapa ndipo nilipoanza kuwaonea huruma wale watu wadogo badala ya kuwatilia shaka. Bado si ushahidi wa nani aliishi wapi. Hata hivyo, mtu aliyeongezwa mwaka 1612 anabeba kitu ambacho mchoro wa awali haukukihitaji, kwa kuwa mwaka 1559 kila mtu alijua kwamba nyumba zile zina wenyewe.

## Watu wasio na mahali pa kukanyaga

Kwa muda nilifikiri dawa ni kumtafuta mchoraji aliyefanya kinyume, yaani aliyemchora mwanakijiji kwanza na kuiacha nchi. Yupo. Ni Roelant Savery, aliyekwenda Prague mwanzoni mwa karne ya 17 kumtumikia Kaizari Rudolf II, na huko akachora wakulima, ombaomba na watu wa sokoni kwenye karatasi zinazokaribia 80. Kwenye nyingi aliandika kwa mkono wake rangi za mavazi: kofia hii nyeusi, koti lile la kijivu, soksi nyeupe. Ni kumbukumbu ya kazi, ya mtu anayejua kwamba kesho atahitaji rangi hizo na mwenye koti hatakuwapo kuulizwa.

Michoro hiyo ilihesabiwa kwa muda mrefu kuwa ya Bruegel, na ilipendwa kama uthibitisho kwamba bwana huyo alikaa na wakulima wake. Mwaka 1970 watafiti wawili, Joaneath Spicer na Frans van Leeuwen, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha kwamba mkono ni wa Savery. Naona wengi walisononeka. Mimi nilisononeka kwa sababu nyingine: watu hawa waliotazamwa kwa makini namna hiyo hawana mahali wanapokanyaga. Nyuma yao ni karatasi nyeupe. Hujui mkulima yule ametoka upande gani wala analima nini.

Basi mambo yalikuwa hivi: huku ardhi bila watu, kule watu bila ardhi, na katikati karakana iliyoviunganisha viwili hivyo kwa mahitaji ya mnunuzi. Siku ya kijijini niliyoitafuta haikuwa imechorwa mara moja na mtu mmoja aliyesimama mahali pamoja. Ilishonwa.

Na kuna wakati hata ardhi yenyewe haikuwapo. Thomas Gainsborough, Mwingereza wa karne ya 18, alichora vijumba vya vijijini, mikokoteni na ng'ombe wakinywa maji kwa wepesi unaotia wivu. Mchoraji mwenzake Joshua Reynolds alieleza mwaka 1788 kwamba Gainsborough alipanga mezani mawe yaliyovunjika, majani makavu na vipande vya kioo, akavikuza kwa kalamu mpaka vikawa miamba, miti na maji. Kijiji kizima juu ya meza. Nilipokisoma kisa hicho nilikaribia kuiacha mada hii kabisa.

## Paa linalopanda na kushuka

Kilichonirudisha ni kitu ambacho nilikuwa nakipita kila mara bila kukijali.

Katika michoro ya Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi wa karne ya 17, ya viunga vya Amsterdam, ile aliyoichora hasa katika miaka ya 1640 na mwanzoni mwa 1650, kuna banda moja la ajabu linalojirudia, na limo pia kwenye chapa yake ya mwaka 1641 ya kibanda na ghala la nyasi. Ni nguzo ndefu zilizosimikwa ardhini, na juu yake paa la nyasi lisilo na kuta. Nguzo hupita paa na kutokeza juu angani kama vidole. Ni banda la kuhifadhia nyasi kavu za kulisha ng'ombe majira ya baridi. Paa halijafungwa mahali pamoja: nguzo zimetobolewa matundu kwa vipimo, na paa hukaa juu ya vijiti vya chuma au mti vilivyochomekwa kwenye matundu hayo. Nyasi zikiongezeka, paa hupandishwa tundu kwa tundu. Zikipungua, hushushwa, ili mvua na upepo visipate upenyo kati ya paa na nyasi.

Ukishalielewa banda hilo, mchoro unaanza kusema. Paa likiwa juu karibu na ncha za nguzo, mavuno ya nyasi yamekwisha kuingia na ng'ombe wana chakula. Likiwa limeshuka hadi kimo cha mtu, miezi ya baridi imepita na familia hiyo inasubiri majani mapya. Paa lililolala upande mmoja linaonyesha kwamba kuna mtu alilishusha nguzo moja na hakumaliza zilizobaki, au mti umeoza. Hakuna mtu kwenye picha, lakini mikono ya mtu imo katika kila tundu.

Vivyo hivyo mierebi iliyopangwa kando ya mifereji. Shina lake ni fupi na nene, na kichwa kimevimba kwa makovu. Uvimbe huo hauji wenyewe. Ni matokeo ya kukatwa kila baada ya miaka michache, juu kidogo ya kimo ambacho ng'ombe anaweza kufikia, ili fito zinazochipua zisusiwe vikapu, zijengewe ua na zitiwe mipini ya zana. Mchoraji aliyechora uvimbe huo amechora miaka mingi ya kazi, hata kama hakukusudia.

Je, naye Rembrandt hakuweza kubuni? Aliweza. Lakini michoro hiyo ya kalamu hakuifanya kwa ajili ya kuuza. Mali zake zilipoorodheshwa mwaka 1656 kwa sababu ya madeni, mabuku ya michoro ya mandhari iliyochorwa kwa kutazama yalikuwa bado nyumbani kwake. Sehemu kubwa ya karatasi hizo ilifika kwa familia ya Flinck, mchoraji aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, na mwaka 1723 Duke wa Devonshire akainunua na kuipeleka Uingereza. Mchoro usio na mnunuzi hauna wa kumpendeza. Na katika mingi ya hiyo watu ni wachache mno, wengine wamemezwa na kivuli cha mlango kiasi kwamba unawagundua mara ya tatu au ya nne.

Tangu hapo nimebadilisha utaratibu wa kutazama. Watu nawaacha wa mwisho. Kwanza natazama paa, ua, nyayo za magurudumu, upande ambao mlango umeelekea, na kama kuna kitu kimeegemezwa ukutani.

## Wino uliozeeka

Kuna udanganyifu mwingine ambao hakuna mchoraji wa kulaumiwa. Wengi wetu tunaipenda michoro hii kwa ile hudhurungi yake ya joto, inayofanya kila kijiji kionekane kama kimechorwa jioni. Lakini wino uliotumiwa sana enzi hizo ulitengenezwa kwa vinundu vya mwaloni, vile vinavyoota mdudu anapotaga mayai kwenye mti, vikachanganywa na chumvi ya chuma. Ukiandika nao huwa mweusi, na miaka inavyopita hugeuka kahawia, na pengine huila karatasi yenyewe. Wengine walitumia wino wa masizi, ambao ni kahawia tangu mwanzo, kwa hiyo huwezi kuhukumu kila mchoro kwa jicho tu. Ila mingi ilikuwa myeusi juu ya karatasi nyeupe ya matambara ya kitani, mikali, ya baridi, kama risiti.

Utulivu ninaouhisi ninapoitazama umeletwa kwa sehemu na kutu.

Na harufu je? Chapa nyingine ya Rembrandt ya mwaka 1641 inaonyesha kinu cha upepo ambacho watu hukitazama kwa mapenzi makubwa. Kinu hicho kilikuwa cha chama cha mafundi wa ngozi, waliolainisha ngozi kwa mafuta ya samaki, na wenyeji walikiita kwa jina la kinu kinachonuka. Ni cha pembezoni mwa jiji, si cha kijijini, lakini tangu nilipojua hilo siamini tena ukimya wa mchoro wowote wenye kinu.

## Waliokuja kutazama

Watu wengine ndani ya mandhari hizi si wanakijiji kabisa. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Machi 1651 dhoruba ilibomoa tuta la kuzuia maji la Mtakatifu Antoni mashariki mwa Amsterdam, na maji yakaingia katika ardhi ya Diemermeer iliyokuwa imekaushwa kwa jasho na fedha nyingi. Jan van Goyen, mchoraji wa mandhari, alifika na kitabu chake kidogo na chaki nyeusi akalichora pengo, na wachoraji wengine walifika pia. Pamoja nao walifika watu wa mjini, na ndio tunaowaona juu ya tuta, migongo kwetu, wakiangalia maji. Van Goyen alikuwa mchapakazi na mwenye madeni. Aliwahi kucheza kamari ya vitunguu vya maua ya tulipu mwaka 1637, na alipofariki mwaka 1656 madeni yalikuwa bado yapo. Mwaka 1653 peke yake alitoa michoro ya kuuza kwa wingi wa kushangaza, na ukiitazama kwa mfululizo utawakuta wapita njia wanaofanana sana kutoka kijiji hadi kijiji, mstari wa mgongo, mistari miwili ya miguu, kofia.

Wakati huo mtu wa mjini hakuhitaji hata kutembea. Mashua za kukokotwa na farasi zilianza kufanya safari kati ya Amsterdam na Haarlem mwaka 1632, na ziwa la Beemster lilikuwa limekaushwa tangu 1612 kwa fedha za matajiri wa mjini waliojipatia mashamba humo. Nchi ilikuwa imegeuka kuwa kitu cha kumilikiwa kutoka mbali na kutazamwa mwishoni mwa wiki ya kazi. Mchoro uliotoka huko ulikuwa sehemu ya safari hiyo hiyo.

## Mguu nje ya mstari

Nimebakiza mchoro mmoja ambao unaharibu hoja yangu, na nauweka hapa kwa sababu hiyo.

Bruegel aliuchora mwaka 1568, mwaka mmoja kabla ya kufariki, na leo uko Hamburg. Jina lake ni Kiangazi. Watu wanavuna ngano, na hawa si wadogo: wamejaa karatasi nzima, wazito, wenye mabega. Aliye mbele ameketi, ameinua mtungi na anakunywa kwa pupa. Mguu wake na makali ya fyekeo vimevuka mstari wa chini wa picha, vinatokeza upande wetu. Hapa hakuna mtu aliyeongezwa baadaye. Ukimwondoa mvunaji, hakuna picha.

Lakini sura yake haionekani, imefunikwa na mtungi. Mwanamke aliyebeba mboga nyuma yake, kapu limekimeza kichwa chake. Na katika mchoro mwingine wa miaka hiyo hiyo, ule wa warina asali ulioko Berlin, watatu wako mbele wakiwa wamefunikwa nyuso kwa vinyago vya kusuka, na wa nne yuko juu ya mti, amegeuka upande mwingine. Wako wanaosema Bruegel alitaka mkulima awe wa aina, asiwe mtu fulani. Wengine huona fumbo la siasa za wakati ule. Mimi naelekea kwenye jibu jepesi zaidi: mtu aliye kazini hakutazami. Ana kiu, ana mzigo kichwani, ana nyuki usoni. Aliyegeuka na kumpa mchoraji uso wake ameshaacha kazi, na hapo mchoraji hana tena alichokuja kukitafuta.

Sijui kama jibu hilo linatosha kwa mchoro wa nyuki, wenye methali iliyoandikwa chini yake juu ya anayekijua kiota na anayekichukua. Kwa Kiangazi linanitosha, ijapokuwa nabaki na swali la mtungi: mchoraji mwenye uwezo ule angeweza kumngoja mvunaji yule amalize kunywa, na hakumngoja.